Ulimi Wetu Mbele za Mungu

Mazungumzo ya ibada ya asubuhi. Masomo: Yakobo 3:1-12, Zaburi 141:3, Waefeso 4:25-32

Twawasalimu asubuhi hii kutoka Wamagana, katika Tetu, upande wa Nyeri. Baridi ya Nyandarua bado imelala mabondeni, na akina mama wamekwisha kuingia katika mashamba ya chai na vikapu vyao mgongoni. Wengine wenu mnatusikiliza jikoni mkichochea moto, wengine mko garini mkielekea kazini, na wengine mko kitandani kwa sababu ya ugonjwa. Kila mmoja wenu, popote alipo, tunamwombea neema ya Mungu katika siku hii mpya.

Mtu akitaka kujua habari za mtaa wetu, hana haja ya kununua gazeti. Na aende alasiri kwenye kituo cha kununulia majani chai, akapange foleni pamoja na wakulima. Karani huangalia majani kwanza. Yanayotakiwa ni majani mawili na chipukizi. Majani makubwa yaliyokomaa hutolewa na kuwekwa kando. Halafu mfuko hutundikwa kwenye mizani, kilo zikasomwa na kuandikwa. Mkulima naye husimama karibu sana, macho yake hayabanduki pale, kwa maana kilo moja ikipotea ni jasho lake limepotea.

Lakini kabla ya karani kufika, na wakati lori linapochelewa, watu huketi pale saa nyingi wakizungumza. Binti wa fulani amerudi nyumbani bila mumewe. Kijana wa fulani amefukuzwa kazi. Mzee fulani ameuza shamba, na fedha hazijulikani zimekwenda wapi. Maneno hayo hakuna anayeyachagua kama majani yanavyochaguliwa, wala hakuna anayeyapima. Na jioni ikifika, majani hupanda lori kwenda kiwandani, na maneno huenda nyumbani pamoja nasi.

Bwana wetu Yesu Kristo, katika Mathayo 12:36, anatufundisha kwamba mizani ya maneno ipo. Anasema kwamba siku ile ya mwisho wanadamu wataulizwa habari za maneno yao, hata yale waliyoyatupa ovyo bila kufikiri. Basi leo twataka kuuliza pamoja nanyi: Je, Mkristo anautawalaje ulimi wake? Yapo mambo manne ambayo tungependa tuyatazame.

Jambo la kwanza ni hili: neno likishatoka, halina njia ya kurudi.

Wahenga walisema kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hupona kwa majuma mawili. Sisi tunaozungumza nanyi twalijua jambo hili kwa uchungu, na si kwa kusoma vitabuni tu, ingawa katika chuo cha theolojia tulifundishwa Waraka wa Yakobo mstari kwa mstari, na mtihani wake tukaupita vizuri.

Tulipokuwa bado wageni katika kazi ya uchungaji, mama mmoja alikuja kwetu jioni, baada ya watu wote kuondoka kanisani. Mwanawe wa kwanza alikuwa ameajiriwa mjini, naye alikuwa amechukua fedha za mwajiri wake. Kijana alikuwa amekimbia, lakini alikuwa amemwandikia mama yake kwamba anataka kurudi nyumbani, akiri kosa lake, na kulipa kidogo kidogo. Mama yule alilia, tukaomba pamoja naye, akaenda zake.

Siku ya Alhamisi tulikuwa na ushirika wa maombi. Tukasema, kwa moyo mwema kama tulivyodhani, kwamba tumkumbuke mama mmoja miongoni mwetu, ambaye mwanawe ameingia katika majaribu ya fedha huko mjini. Hatukutaja jina. Lakini, wapendwa, katika mtaa mdogo jina halihitaji kutajwa. Ni akina mama wangapi katika ushirika ule waliokuwa na mwana mjini, na ambao macho yao yalikuwa mekundu juma lile? Kabla ya Jumapili habari zilikuwa zimefika kituo cha chai, na kutoka pale zikapanda matatu mpaka Nyeri mjini.

Mama yule alikuja kwetu mara moja tu baada ya hapo. Hakupaza sauti. Alisema, "Mchungaji, mimi nilikuletea mzigo wangu unisaidie kuubeba. Wewe umeuweka barabarani." Kijana naye aliposikia kwamba nyumbani watu wote wanajua, hakurudi. Krismasi ya kwanza ilipita, na ya pili ikapita. Tulikwenda nyumbani kwa mama yule kuomba msamaha, akatupa chai, akatusamehe kweli kweli kama Mkristo. Lakini alipotusindikiza mpaka kwenye lango alisema kwa upole, "Nimekusamehe, Mchungaji. Ila jambo la nyumbani kwangu sitakuletea tena." Na mpaka leo hajaleta.

Twawaeleza haya si kwa kujipamba kwa toba, bali kwa sababu tunajua kwamba wengi wetu katika makanisa hatusengenyi kama wasengenyavyo watu wa dunia. Sisi twasengenya kwa kupiga magoti. Twasema, "Tumwombee ndugu fulani," na ndani ya ombi hilo twafunga habari nzima na kuipeleka nyumba kwa nyumba. Ombi la kweli juu ya siri ya mtu humfikia Mungu hata likiombwa chumbani peke yetu. Kama ni lazima wengine wasikie, basi kwanza na tumwulize mwenye mzigo.

Jambo la pili: neno la Mkristo halina budi kuwa na uso.

Hapa twataka kuwakumbusha habari ambazo wazee wetu wa Nyeri na nchi yote inayouzunguka Mlima Kenya wanazijua. Katika miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilitumia watu walioitwa kwa lugha yetu gakunia, yaani kigunia. Mtu alifunikwa gunia tangu kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Watu walipitishwa mbele yake mmoja mmoja. Yeye hakusema hata neno moja. Alitikisa kichwa tu. Akitikisa hivi, mtu aliachiliwa. Akitikisa vile, mtu alichukuliwa kwenda kizuizini. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliuzunguka mji wa Nairobi, maelfu ya watu wakakamatwa, na wengi wao wakapelekwa Lang'ata, Manyani na Mackinnon Road. Wengine waliotajwa walikuwa wamekula kiapo kweli. Wengine walitajwa kwa sababu ya mpaka wa shamba, au deni, au wivu wa zamani. Nani angeweza kuuliza? Gunia halina uso, wala halijibu maswali.

Vita ile imekwisha zamani, na wengi wa waliovaa magunia yale wamekwisha kulala makaburini. Lakini je, gunia lenyewe limezikwa? Mtu anaposema, "Mimi sisemi ni kweli, nimesikia tu watu wakisema," amevaa gunia. Mtu anapoandika barua kwa mkubwa wa kazi au kwa askofu, akamshitaki mwenzake bila kutia sahihi, amevaa gunia. Na katika siku hizi zetu, mtu anapopokea habari katika simu yake, hajui imeandikwa na nani wala kama ni ya kweli, naye akaisukuma mbele kwa watu hamsini kwa kidole kimoja, huyo naye ametikisa kichwa ndani ya gunia. Hakutia jina lake, wala hakutoka jasho. Lakini mahali fulani kuna mtu amechukuliwa.

Mtume Paulo katika Waefeso 4 anatuita tuvue uongo na kuambiana kweli, kila mtu na jirani yake, kwa kuwa sisi ni viungo vya mwili mmoja. Tazameni kwamba kweli hiyo yasemwa na jirani. Si kweli ya kurushwa gizani. Na Bwana Yesu katika Mathayo 18 anatupa utaratibu ulio rahisi kuuelewa na mgumu kuutenda: ndugu yako akikukosea, nenda kwake kwanza, wewe na yeye peke yenu. Laiti sisi Wakristo wa Nyeri tungelitii agizo hilo moja, kamati zetu za kanisa zingekwisha saa mbili mapema, na kesi nyingi za mashamba zisingalifika mahakamani.

Basi hiki ndicho kipimo. Kabla ya kusema neno juu ya mtu, tujiulize: Je, ningeweza kulisema neno hili nikiwa nimesimama mbele yake, uso wangu ukionekana na jina langu likijulikana? Kama haiwezekani, basi neno hilo na life ndani yetu.

Jambo la tatu: ulimi mdogo huwasha moto mkubwa.

Yakobo anatumia mfano wa msitu na cheche. Sisi tunaokaa kati ya Mlima Kenya na Nyandarua hatuhitaji kufafanuliwa mfano huo. Mwezi wa Machi 2012, na tena mapema mwaka wa 2019, moto ulishika nyasi na vichaka vya juu mlimani wakati wa kiangazi, ukala siku nyingi, na watu wengi walipanda kwenda kuuzima. Moto kama huo huanza mahali padogo. Lakini ukishapata upepo, haumwulizi mtu ruhusa.

Lakini iko habari nyingine ya moto, na hii yatuuma zaidi. Kabla ya uchaguzi wa mwaka 2007, katika nchi yetu ya Kenya, maneno yalipandwa miezi mingi. Katika Bonde la Ufa wako waliotuita sisi madoadoa, yaani alama chafu ya kufutwa. Maneno hayo tunayakumbuka vizuri sana, na twayasimulia. Lakini mbele za Mungu yatupasa kukumbuka na maneno yetu wenyewe. Katika lugha yetu, na hata katika redio, wako waliowaita jirani zetu wa magharibi wanyama. Na tulicheka. Wengine wetu tuliokwenda kanisani kila Jumapili tulicheka, na wengine tuliimba pamoja. Hatukumpiga mtu. Lakini tazameni kazi ya neno: mtu akishaitwa doa, kumfuta si dhambi tena. Mtu akishaitwa mnyama, ni nani atamlilia?

Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, akina mama na watoto na wazee walikuwa wamekimbilia ndani ya kanisa. Kanisa lile lilitiwa moto, na watu wengi wakafa humo. Mwezi huo huo, huko Naivasha na Nakuru, watu wa jamii zile nyingine waliuawa kwa mikono ya watu wa kwetu, na huko Naivasha wengine waliteketezwa ndani ya nyumba. Mpaka mapatano yalipotiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008, watu zaidi ya 1,100 walikuwa wamekwisha kufa katika nchi, na mamia ya maelfu walikuwa wameacha nyumba zao. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya kuzuia maneno ya chuki kati ya makabila. Sheria ni njema, nasi twaishukuru. Lakini sheria humkamata mtu wakati neno limekwisha kutoka. Mungu anataka kutukamata kabla.

Kwa hiyo, ninyi wazazi, angalieni mnayosema mezani juu ya watu wa makabila mengine. Mtoto hawezi kufunga masikio yake. Wachungaji wenzetu, angalieni mifano mnayotoa mimbarani na mizaha mnayofanya katika mazishi. Wanasiasa watafika tena na magari yao na vipaza sauti, na watapewa nafasi ya kusalimu watu kanisani. Kama mmoja wao akisema neno la kudharau watu wengine, na sisi tukapiga makofi, basi moto ule tumeubeba pamoja naye.

Hapa labda msikilizaji mmoja atasema, "Mchungaji, sasa nimeelewa. Tangu leo nitanyamaza kabisa. Sitasema lolote." La, mpendwa. Hili ndilo jambo la nne: kutawala ulimi si kuwa bubu.

Yakobo anataja lijamu, ile chuma itiwayo kinywani mwa farasi. Mtu hamtii farasi lijamu ili asimame zizini mpaka afe. Humtia ili aende, na aende njia iliyo sawa. Mhubiri naye, katika sura ya tatu, asema kwamba kuna majira ya kunyamaza na majira ya kunena. Na iko dhambi ya ulimi ambayo haina sauti: kunyamaza wakati ndugu anapoangamia.

Mwezi wa Machi 1975, J. M. Kariuki, aliyekuwa Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliuawa, na mwili wake ukapatikana huko Ngong. Nchi nzima ilishikwa na hofu. Watu walinong'ona majumbani, lakini hadharani wengi walifunga vinywa. Katika siku hizo David Gitari, mwana wa Kirinyaga, ambaye wakati huo alikuwa Katibu Mkuu wa Chama cha Biblia cha Kenya, alizungumza katika Sauti ya Kenya katika kipindi cha ibada cha asubuhi, kama hiki chetu cha leo. Alifundisha juu ya utakatifu wa uhai wa mwanadamu. Alifungua Mwanzo sura ya nne, akawapeleka wasikilizaji mpaka kwenye swali ambalo Mungu alimwuliza Kaini juu ya ndugu yake Habili.

Wapendwa, hebu tafakarini jambo hilo. Yeye alifungua Maandiko na kuliweka swali la Mungu mbele ya taifa lililokuwa limenyamaza, na kila msikilizaji akaachwa alijibu moyoni mwake. Huo ndio ulimi wenye lijamu. Neno lake lilikuwa na uso, maana jina lake lilitangazwa. Neno lake lilikuwa na kweli. Na neno lake lilitafuta uhai wa watu. Mwaka huo huo aliwekwa kuwa Askofu wa Mlima Kenya Mashariki, na baadaye, tangu mwaka 1997 hata 2002, alikuwa Askofu Mkuu wa Kanisa letu.

Kusema kweli kulimletea taabu. Mwezi wa Aprili 1989 majambazi waliivamia nyumba yake usiku huko Kirinyaga. Yeye alipanda juu ya paa akapiga mayowe, na majirani wakaamka wakaja, na wale watu wakakimbia. Kumbe mayowe nayo ni matumizi mema ya ulimi! Jirani yako anapopigwa na mumewe usiku, na wewe wajifunika blanketi ukisema, "Mimi sitaki kuingilia mambo ya watu," usidhani kwamba umeutawala ulimi wako. Mjane anaponyang'anywa shamba na shemeji zake, na wazee wa kanisa wanaojua mpaka uko wapi wakatazama chini, hao hawakuutawala ulimi. Ulimi wao umetawaliwa na hofu.

Basi tumesikia mambo manne. Neno halirudi. Neno la Mkristo lina uso. Neno dogo huwasha moto mkubwa. Na kunyamaza kwaweza kuwa dhambi. Sasa lililobaki ni swali gumu kuliko yote: Ni nani awezaye?

Yakobo mwenyewe hatudanganyi. Asema kwamba wanadamu wamefuga kila aina ya wanyama, lakini ulimi hakuna mwanadamu aliyeweza kuufuga. Wengi wetu tumejaribu. Tumeweka nadhiri siku ya Mwaka Mpya, na kufika siku ya tatu tumekwisha kumtukana mke, au mume, au kondakta wa matatu. Sababu ni kwamba ulimi ni kama bomba tu. Maji machafu yakitoka bombani, hatusaidiki kwa kulisugua bomba. Yatupasa kupanda mpaka kwenye chemchemi. Bwana Yesu alisema kwamba kinywa hunena yale yaliyoujaza moyo.

Mtazameni Petro. Usiku ule Bwana alipokamatwa, Petro alikuwa akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu, na mara tatu akamkana Bwana wake, hata kwa kuapa. Ulimi ule ulimwangusha mbele ya kijakazi. Akatoka nje akalia. Lakini Bwana aliyefufuka hakuukata ulimi wa Petro. Alimkuta tena kando ya bahari, mahali palipokuwa na moto wa makaa vilevile, akamwuliza mara tatu kama anampenda, akampa jibu lake mara tatu. Na siku ya Pentekoste ndimi za moto ziliwashukia wanafunzi, na ulimi ule ule uliomkana Bwana ukasimama mbele ya umati wa watu na kumhubiri, na watu wapata elfu tatu wakaokoka. Mungu hakumpa Petro ulimi mpya. Alimpa moyo mpya, na Roho wa kuushika ule ulimi wa zamani.

Kwa hiyo twaleta kwenu mambo machache ya kutenda juma hili. Asubuhi, kabla ya kumsemesha mtu yeyote, tumwombe Mungu, kama alivyoomba mtunga Zaburi ya 141, atuwekee mlinzi mlangoni pa kinywa chetu. Mlinzi wa lango hafungi watu wote nje, huuliza kila mmoja, "Wewe ni nani, na unakwenda wapi?" Vivyo hivyo kila neno na liulizwe: Je, wewe ni kweli? Je, ni wajibu wangu kukusema? Je, utamjenga anayesikia?

Halafu, kila mmoja wetu anaye mtu ambaye amemjeruhi kwa neno. Pengine ni mtoto uliyemwambia kwamba hafai kitu, naye sasa ni mtu mzima na hakutembelei. Pengine ni jirani uliyemsingizia uchawi. Pengine ni mwenzako katika kwaya. Juma hili, nenda. Usitume mtu, wala usiandike. Nenda mwenyewe, uso wako ukionekana, useme, "Neno lile nililisema mimi, nami nilikosa." Huenda akakusamehe na mambo yasirudi kama yalivyokuwa. Sisi tumekwisha kuwaeleza habari za mama yule. Yeye bado huja kanisani, nasi bado twamwona akiketi karibu na dirisha. Mwanawe alifika hatimaye, siku ya mazishi ya nyanya yake. Alisimama nyuma kabisa, karibu na ua. Ibada ilipokwisha tulimwendea, tukampa mkono, naye akaupokea, lakini hakusema neno. Nasi siku hiyo, kwa mara ya kwanza, tulijua kunyamaza ipasavyo. Tulisimama naye tu mpaka gari lake lilipokuja.

Twaendelea kumwombea. Na jina lake hatumwambii mtu.

Tuombe.

Ee Mungu Baba, uliyetuumba kwa neno lako, na kutuokoa kwa Neno aliyefanyika mwili, utusamehe maneno tuliyoyasema bila upendo, na maneno tuliyoyaficha kwa hofu. Uwaponye wale tuliowajeruhi, popote walipo asubuhi hii. Uisafishe mioyo yetu, ili vinywa vyetu vitoe maji matamu. Uwape viongozi wa nchi yetu ndimi za amani, na sisi tunaowasikiliza utupe masikio yasiyofurahia uovu. Uweke mlinzi wako mlangoni petu leo, tunapokwenda mashambani, sokoni, maofisini na shuleni. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Neema ya Bwana wetu na iwe pamoja nanyi nyote. Muwe na siku njema.